Noeli Nyumbani Mwako: Ni Furaha ya Nani?

Watu wa nyumba moja huenda Misa moja ya Noeli, hula wali wa sufuria moja, na hata hivyo kila mmoja ana Noeli yake. Leo tuzitazame Noeli hizo, maana huenda mojawapo imo nyumbani mwako nawe hujaiona.

Kadi za Noeli zitokazo Ulaya huonyesha theluji. Kule Desemba ni majira ya baridi, na mashamba yamelala. Kwetu Masakta, wilayani Hanang, sivyo. Desemba ni mwezi wa mvua na wa jembe. Magugu hayajui sikukuu, wala ng'ombe hawangoji Misa iishe ndipo waone njaa. Tena ghala linapungua, na mavuno mapya yako mbali.

Mwulize mtoto Noeli ni nini. Atakuambia: nguo mpya, nyama na soda. Tusimcheke, furaha yake ni ya kweli.

Mwulize kijana afanyaye kazi Arusha au Dar es Salaam. Kwake Noeli ni kurudi nyumbani, hata kwa basi lililojaa. Lakini yuko mwingine ambaye mwaka haukumwendea vema. Huona haya kurudi mikono mitupu, akabaki mjini peke yake. Mzazi, mpelekee neno mapema kwamba unamtaka yeye, si mfuko wa sukari.

Mwulize mama. Kwake Noeli ni kuni, maji, moshi na vyombo vya kuosha. Wengine hufika Misani wamechoka, na wengine hawafiki kabisa.

Mwulize baba naye atakuonyesha vidole vyake, anahesabu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari havikuondolewa, na shule hufunguliwa Januari. Mbuzi aliyeuzwa Desemba kwa ajili ya pombe hawezi kununua daftari Januari.

Mimi karani wa parokia huona mambo haya katika daftari la nia za Misa. Noeli ikikaribia, huyu huja kushukuru kwa mtoto aliyezaliwa, na yule nyuma yake huja kumwombea marehemu. Siku ni ileile. Tukumbuke majirani zetu wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80. Noeli ilifika siku 22 tu baadaye. Kwa waliofiwa, kila Desemba huanza na kumbukumbu hiyo kabla ya nyimbo za furaha. Usimwambie mtu wa namna hiyo, "Furahi, leo sikukuu!" Kaa naye, kula naye.

Na jirani Mwislamu je? Noeli si sikukuu yake, lakini ni jirani yako. Ukimwomba akuchinjie mbuzi, naye ataweza kula nyama hiyo pamoja nawe.

Basi, tufanyeje? Juma moja kabla ya Noeli, kaeni pamoja jioni, baba, mama na watoto. Kwanza tengeni fedha ya mbegu na ya shule. Kitakachobaki ndicho cha sikukuu, kiwe kikubwa au kidogo. Vijana wa kiume wateke maji na kupasua kuni, ili mama aende Misani kama wengine. Chagueni nyumba moja yenye mjane, mgonjwa au mfiwa, na sahani yake ipakuliwe kwanza, kabla ya yenu.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipotaka watu wa Greccio kule Italia waione Noeli kwa macho yao, mwaka 1223, alileta hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Hakuhitaji zaidi. Vitu hivyo, msomaji, twavyo zizini petu bila kukopa. Kinachohitaji jitihada ni kumtazama kila aliyemo nyumbani na kumwuliza: "Wewe, Noeli hii itakuwaje kwako?" Kisha umsikilize hadi amalize.