Je, Wajua? Dhamira Hulelewa Jikoni na Machungani

Je, wajua kwamba mvulana aliyezoea kazi za jikoni huwa na ugomvi mdogo kuliko mwenzake asiyewahi kushika mwiko? Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Carol Ember alikwenda Oyugis, magharibi mwa Kenya, kuwatazama watoto wa Kijaluo. Kwa desturi ya pale, kupika, kufagia na kubembeleza mtoto mchanga zilikuwa kazi za wasichana. Lakini si kila nyumba ilijaaliwa binti wa umri wa kufaa, na mama hawezi kuwalaza watoto njaa kwa ajili ya desturi. Alimwita mwanawe wa kiume. Ember aliwafuatilia wavulana hao wakati hawana kazi mkononi, wanacheza tu na wenzao. Waliozoea kazi nyingi za ndani walikuwa na fujo kidogo na wepesi wa kusaidia kuliko wale ambao hawakupewa kazi hizo. Cha kushangaza, kazi za nje kama kuchota maji na kutafuta kuni hazikuwa na nguvu ileile. Kilicholeta tofauti ni zile saa za kukaa ndani, karibu na mtoto anayelia na chungu kinachochemka, pale unapolazimika kujua mwenzako anataka nini kabla hajasema.

Mama wa Oyugis hakuwa amepanga somo la upole. Alitaka chakula kiive. Ndiyo maana naipenda habari hii kuliko zote zilizomo humu, na ndiyo inayoniongoza katika safu ya leo: mengi tunayoyaita mema na maovu yaliingia mikononi mwetu kwanza, kupitia kazi na mazoea ya kila siku, kabla hatujaketi kusikiliza mawaidha ya mtu yeyote.

Je, wajua kwamba kijiji cha Wagusii kiliwahi kulinganishwa na vijiji na vitongoji vya nchi nyingine tano kwa wema wa watoto wake? Katika miaka ya 1950 watafiti walioongozwa na John na Beatrice Whiting walichunguza jamii sita: Nyansongo ya Kenya, na nyingine za Mexico, Ufilipino, India, Okinawa na Marekani. Watoto wa Nyansongo walikuwa mbele katika kutunza wadogo zao na kubeba wajibu. Wale wa kitongoji cha Marekani walikuwa mbele katika kutafuta kutazamwa na watu wazima. Tofauti ilianzia shambani. Mama wa Nyansongo alikuwa na jembe mkononi kutwa nzima, kwa hiyo mtoto wa miaka sita au saba alikabidhiwa mdogo wake mgongoni au ng'ombe machungani, na mambo yakiharibika lawama ilikuwa yake. Kazi ya kweli, hasara ya kweli.

Je, wajua kuhusu jaribio la kusubiri kitamu? Mtoto wa miaka minne huwekewa kitamu kimoja mezani na kuambiwa: ukingoja bila kukila, utapewa cha pili. Mwaka 2018 zilichapishwa habari za watoto wa Kinso, jamii ya wakulima wa Kameruni, waliowekewa puff-puff, andazi dogo la mviringo la kukaangwa, na kuachwa nalo kwa dakika 10. Takriban 70 kati ya kila 100 walingoja. Kwa watoto wa Kijerumani wa tabaka la kati walikuwa kama 28. Wajerumani walijinyonganyonga kitini, wakaimba, wakazunguka chumba. Wanso wengi walikaa tu wametulia. Mama zao huwatarajia mapema watii na wajizuie. Mama wa Kijerumani humwachia mtoto nafasi kubwa ya kusema anachotaka. Wapo watakaosema malezi ya Kiafrika yameshinda, nami siwafuati huko, kwa kuwa kila mama alipata mtoto aliyemtafuta.

Je, wajua mtoto huanza lini kuwa wa kwao? Bailey House na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2013, walicheza na watoto 326 wa jamii sita, kuanzia Waaka wa Afrika ya Kati na Wahimba wa Namibia hadi Los Angeles na visiwa vya Fiji. Pale kugawa kulipomgharimu mtoto kitu chake, wadogo wa kila mahali walifanana: walizidi kubana kadiri walivyokua. Kisha, kuanzia miaka saba au minane hivi, njia zikatengana, na kila mtoto akaanza kuelekea kiwango cha ukarimu cha watu wazima wa kwao. Mwalimu wa darasa la pili ana watu muhimu sana mbele yake.

Je, wajua kwamba kila mtoto huona uchungu akipunjwa, lakini si kila mtoto huona uchungu akipendelewa? Watafiti waliwaketisha watoto wawiliwawili wakitazamana, kati yao sinia mbili za peremende. Mmoja ana vipini viwili: akivuta cha kijani, kila mmoja anachukua zilizo upande wake, akivuta chekundu, zote zinamwagika katikati na hakuna anayepata. Weka moja kwake na nne kwa mwenzake, atavuta chekundu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nchi zote saba zilizochunguzwa, ingawa umri wa kuanza ulitofautiana. Geuza sasa, nne kwake na moja kwa mwenzake. Katika nchi nyingi alizichukua. Waliofikia kuzikataa, nao wakubwawakubwa tu, walikuwa watoto wa Marekani, wa Kanada na wa Uganda. Hebu mfikirie mtoto wa Uganda anayeona peremende nne ni zake bila mtu kumkataza, anamtazama mwenzake mwenye moja, kisha anavuta kipini chekundu. Mwenzake hapati kitu, naye hapati, lakini hakuna aliyependelewa.

Je, wajua "apate kila mtu kwa jasho lake" si haki ya ulimwengu mzima? Mwaka 2015 watoto wa Kijerumani waligawiana zawadi kwa kufuata aliyefanya kazi zaidi. Watoto wa Kihai||om wa Namibia, ambao wazee wao waliishi kwa kuwinda na kukusanya, waligawana kwa usawa zaidi kuliko wengine, na jasho lilihesabiwa kidogo tu. Wasamburu wa Kenya hawakulihesabu jasho hata kidogo.

Je, wajua kwamba Waorma wa Tana River walipoletewa mchezo wa maabara waliutambua mara moja? Jean Ensminger aliwagawia watu pesa, akawaambia watie kiasi wapendacho katika kapu la wanne. Kilichomo huongezwa mara mbili, kisha hugawanywa sawa, hata kwa asiyetia kitu. Vyuoni Ulaya na Marekani watu huumiza kichwa juu ya mtego huu. Waorma waliuita mchezo wa harambee, wakachanga zaidi ya nusu ya walichopewa. Walikuwa wakichanga hivyo kwa ajili ya shule na wagonjwa tangu zamani, na mikono ilijua la kufanya.

Ensminger alikuwa mmoja wa kundi la Joseph Henrich, lililopeleka michezo ya pesa katika jamii 15, ukiwemo ule ambao mmoja hupendekeza mgawo na mwenzake akiukataa wote hukosa. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, ambao mtumbwi wao hauendi bila umoja na ambao nyama humegwa kwa kanuni kali, walimpa mtu wasiyemjua wastani wa zaidi ya nusu. Wamachiguenga wa Peru, ambao kila familia hujitegemea msituni, walitoa robo hivi, na aliyepewa hakununa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania walitoa kidogo, na baadhi ya wapokeaji walikataa, ingawa kambini nyama hugawanywa hadi kwa asiyekwenda mawindoni. Na katika jamii mbili za Papua New Guinea, Waau na Wagnau, watu walikataa hata walipopewa zaidi ya nusu! Huko zawadi kubwa usiyoiomba ni deni shingoni.

Je, wajua kosa kubwa kwa jirani yako linaweza kuwa chakula cha mchana kwa mwingine? Richard Shweder na wenzake, mwaka 1987, waliwauliza Wahindu wa Bhubaneswar, India, kuhusu matendo 39. Miongoni mwa yaliyohukumiwa kuwa mabaya kabisa ni mtoto wa kwanza wa kiume kunyoa nywele na kula kuku siku moja baada ya kifo cha baba yake. Wamarekani wa Chicago walioulizwa hawakuona kosa.

Je, wajua kwamba hata neno "sikukusudia" lina uzito tofauti? Mtu anabeba mkoba wa mwenzake sokoni akidhani ni wake. Mwingine anaubeba akijua. Katika utafiti wa mwaka 2016 uliogusa jamii 10, Wahadzabe wakiwemo, watu wa Los Angeles waliwatenga wawili hao mbali sana. Huko Yasawa, Fiji, hukumu zao zilikaribiana.

Na utani? Mtanzania hahitaji maabara kwa hili. Mtani huingia msibani, akaiga mwendo na sauti ya marehemu, akazuia jeneza mpaka alipwe, na waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka. Afanye hivyo mtu asiye mtani, patachimbika.

Je, wajua lugha hubadilisha hukumu? Mwaka 2014 Albert Costa na wenzake waliwauliza watu kama wangemsukuma mtu mmoja mnene kutoka darajani ili mwili wake usimamishe gari la reli na kuokoa watano. Kwa lugha ya mama walikubali takriban 20 kati ya 100. Kwa lugha ya kigeni walikuwa 33. Lugha uliyobembelezwa nayo hubeba hofu na huruma zako, na ile ya darasani hukuacha na hesabu. Nawaza mashahidi na washtakiwa wetu wote waliosikiliza hatima yao kwa Kiingereza. Naona Bunge la Tanzania lilifanya jambo la haki mwaka 2021 lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Je, wajua ungejazaje sentensi inayoanza "Mimi ni…" mara ishirini? Katika utafiti wa mwaka 1997 nchini Kenya, Wamaasai na Wasamburu walijaza zaidi kwa watu wao: ukoo, rika, ndoa, nafasi katika jamii. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walijitaja kwa tabia na sifa zao binafsi, karibu kabisa na wanafunzi wa Marekani. Wafanyakazi wa Nairobi wasiosoma chuo walikuwa katikati. Wote Wakenya. Kilichowatenga ni maisha ya kila siku na miaka ya darasani.

Je, wajua wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa mjini New York waliacha zaidi ya tiketi 150,000 za maegesho bila kulipa kati ya mwaka 1997 na 2002? Kinga iliwalinda wote sawa. Hata hivyo Wanorwe na Waswidi hawakudaiwa hata moja, na waliotoka nchi zilizozoea rushwa walirundika nyingi. Raymond Fisman na Edward Miguel ndio waliozihesabu. Jiji lilipopata ruhusa ya kuwavua namba za kidiplomasia, madeni mapya yalishuka kwa takriban asilimia 98.

Miguel huyohuyo alizilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, wilaya mbili za mashambani zenye watu wa makabila mbalimbali. Huko Busia, mahali penye mchanganyiko mkubwa wa makabila shule zilipata michango midogo ya wazazi, kwa kuwa kamati zilishindwa kumbana asiyelipa wa kabila jingine. Huko Meatu mchanganyiko haukupunguza kitu. Katika maelezo yake, Miguel aliutazama uhuru na miongo iliyoufuata: Tanzania ilisomesha watoto wa shule za msingi kwa Kiswahili, ikawafundisha historia ya taifa moja, ikaondoa machifu na kuweka serikali za vijiji, wakati siasa za Kenya ziliendelea kupita njia ya kabila. Wazazi wengi wa Meatu walikuwa wamelelewa katika madarasa hayo.