TASAF na jirani asiyefika mkutanoni

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianzishwa mwaka 2000, na mwaka 2012 ulianza kuendesha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kaya hupewa ruzuku, na sehemu yake hutegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Wenye nguvu hupata ajira za muda: kuchimba malambo, kutengeneza barabara, kupanda miti. Mtakatifu Yohane Paulo II alitufundisha katika Laborem Exercens (1981) kwamba kazi humjengea mtu utu wake. Haimpi ujira tu.

Lakini nani huingia kwenye orodha? Majina hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hali ya kaya huhakikiwa kwa dodoso. Utaratibu huu ni mzuri, ila una pengo: aliye maskini kuliko wote huenda hayupo mkutanoni. Ni mgonjwa wa kitandani, mjane asiye na ndugu, mwenye ulemavu aliyefungiwa ndani. Asiyetajwa hahakikiwi.

Sisi wanajumuiya ndogondogo tunaijua milango yao, maana tunasali huko. Basi twende mkutanoni tukawataje. Tukinyamaza, sala yetu kwa ajili yao itakuwa imeishia kwenye "Amina".