Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani na Safari ya Hoja Hadi Mezani kwa Rais

Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani, ambalo ni chombo cha kumshauri Rais na ni tofauti kabisa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lilianzishwa kwa sheria ambayo Rais Harry Truman aliitia saini tarehe 26 Julai 1947, sheria ileile iliyozaa shirika la ujasusi la CIA na kuyaweka majeshi yote chini ya waziri mmoja. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wameshuhudia, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jinsi wanadiplomasia na majenerali walivyofanya kazi kila upande na lake, wakataka iwepo meza moja ambapo mambo ya nje, ya ulinzi na ya ujasusi yangejadiliwa kwa pamoja kabla Rais hajaamua. Truman mwenyewe, akihofia kwamba chombo hicho kingembana, alihudhuria vikao vyake kwa nadra hadi Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950.

Sheria inawataja wajumbe wachache tu, wakiwamo Rais aliye mwenyekiti, Makamu wa Rais, na mawaziri wa Mambo ya Nje, Ulinzi, Nishati na Fedha. Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi huhudhuria akiwa mshauri wa mambo ya kijeshi, na Mkurugenzi wa Taifa wa Ujasusi akiwa mshauri wa taarifa za siri. Zaidi ya hao Rais anaweza kumwalika amtakaye, na ndiyo maana kila Rais mpya, mara tu anapoingia madarakani, hutoa waraka unaoeleza nani atakaa wapi. Waraka wa Januari 2017, kwa mfano, ulimpa mtaalamu wa siasa za uchaguzi Steve Bannon nafasi katika kamati ya juu ya baraza, nafasi aliyoondolewa Aprili mwaka huohuo baada ya malalamiko mengi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba baraza hili halipigi kura, wala halina mamlaka ya kumwamuru yeyote. Wajumbe wote wanaweza kukubaliana na Rais akaamua kinyume chao bila kuvunja sheria. Kenya imepita njia nyingine, kwa kuwa Ibara ya 240 ya Katiba ya mwaka 2010 inalipa baraza la nchi hiyo usimamizi wa vyombo vya usalama pamoja na uwezo wa kupeleka majeshi nje kwa idhini ya Bunge. Na ni kwa kuipima ibara hiyo ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi, Januari 2024, ilipoamua kwamba baraza hilo halikuwa na mamlaka ya kupeleka polisi Haiti. Katika Marekani shauri la namna hiyo lisingekuwa na pa kusimama, kwani baraza lenyewe halina uamuzi wa kupingwa.

Ikiwa baraza haliamui, nguvu yake iko wapi? Iko katika kuchuja. Utaratibu unaofuatwa hadi leo uliwekwa mwaka 1989 na Brent Scowcroft, mshauri wa Rais George H. W. Bush, na una ngazi tatu chini ya baraza lenyewe. Ngazi ya chini ni ya kamati za kuratibu sera, ambamo maofisa wa wizara mbalimbali wanaoshughulikia eneo fulani, tuseme Afrika, au suala fulani, tuseme ugaidi, hukutana na kuandaa karatasi ya hoja inayoeleza tatizo, njia zinazowezekana na gharama ya kila njia. Wanapokubaliana, mara nyingi jambo huishia hapohapo. Wasipokubaliana, au jambo likiwa zito, hupanda hadi Kamati ya Manaibu, yaani manaibu wa mawaziri na wa wakuu wa idara, na kutoka hapo hadi Kamati ya Wakuu, ambayo ni mawaziri wenyewe wakikutana bila Rais. Kinachomfikia Rais ni kile tu kilichoshindikana chini au kisichoweza kuamuliwa na mwingine.

Mwenye ufunguo wa milango hiyo yote ni Mshauri wa Usalama wa Taifa, cheo ambacho hakikuwamo katika sheria ya 1947 bali kilibuniwa na Rais Dwight Eisenhower mwaka 1953, alipomteua Robert Cutler. Mshauri huyu hathibitishwi na Seneti, na kwa kawaida Ikulu hukataa aitwe kuhojiwa bungeni. Condoleezza Rice alipotoa ushahidi hadharani Aprili 2004 mbele ya tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, ilikuwa ni baada ya Ikulu kukataa kwanza. Henry Kissinger alikuwa mshauri na Waziri wa Mambo ya Nje kwa wakati mmoja kuanzia 1973 hadi 1975, na Mei 2025 Rais Donald Trump alimkabidhi Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, nafasi ya mshauri kwa kukaimu. Mpango huo una kasoro iliyo wazi, kwani anayepaswa kumfikishia Rais hoja za wizara zote kwa haki ndiye pia mwenye wizara mojawapo.

Watumishi wa baraza, ambao wengi wao huazimwa kwa muda kutoka wizara na mashirika ya ujasusi, wamewekewa kikomo na Bunge cha watu 200 wanaoshughulikia sera. Katikati ya miaka ya 1980 baadhi yao walivuka mpaka wa ushauri na kuanza kutenda, wakasimamia mauzo ya siri ya silaha kwa Iran na kuzielekeza fedha zake kwa waasi wa Nicaragua, ilhali Bunge lilikuwa limezuia msaada huo. Tume ya Seneta wa zamani John Tower, iliyotoa ripoti yake Februari 1987, ilimlaumu Rais Ronald Reagan kwa kutowasimamia ipasavyo.

Kwa wasomaji wenye asili ya Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, matukio mawili yanaonyesha vizuri zaidi nini maana ya kuchuja. Katika takriban siku 100 za mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mwaka 1994, suala hilo lilishughulikiwa na maofisa wa ngazi za kati, na watafiti waliosoma nyaraka na kuwahoji wahusika wameeleza kwamba Rais Bill Clinton hakuwahi kuwakusanya washauri wake wakuu mahususi kwa ajili yake. Kumbukumbu ya wanajeshi 18 wa Marekani waliouawa Mogadishu Oktoba 1993 ilikuwa bado mbichi, na tarehe 3 Mei 1994, mauaji yakiendelea, Rais alitia saini waraka uliobana masharti ya kuunga mkono vikosi vya kulinda amani. Miaka minne baadaye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, tarehe 7 Agosti 1998, na watu zaidi ya 220 wakafa, wengi wao wakiwa Wakenya na Watanzania. Safari hii jambo lilifika juu mara moja, likajadiliwa na kikundi kidogo cha wakuu, na tarehe 20 Agosti makombora yakarushwa Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa mjini Khartoum. Ushahidi uliotumika dhidi ya kiwanda hicho umebishaniwa tangu wakati huo. Kwa hiyo kasi peke yake si dawa, kwa kuwa jambo linalopanda bila kupita mikononi mwa wataalamu wa eneo husika hufika juu likiwa na maswali ambayo hayajaulizwa.

Mikutano ya baraza ni ya siri na hakuna raia anayeweza kuingia humo, lakini Seneti na Baraza la Wawakilishi zote zina kamati ndogo za Afrika, na ni Bunge linalopitisha bajeti ya baraza. Wasomaji hao wanaoishi Marekani, hasa wenye haki ya kupiga kura, wanaotaka Sudan, mashariki mwa Kongo au Somalia zijadiliwe kabla hali haijaharibika wawaandikie wawakilishi wao wakiwa na swali mahususi: suala hili limefika ngazi gani, na ni nani aliyelikalia?