Tone la damu ya kisigino

Mwaka 2009 watafiti wa Minnesota, Marekani, walieleza kwamba watoto wachanga wa Kisomali huko huzaliwa kwa wingi usio wa kawaida na upungufu wa biotinidasi. Hicho ni kimeng'enya (neno lililobuniwa vyema, naona) kinachouwezesha mwili kutumia tena vitamini iitwayo biotini. Aliyerithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili huweza kupatwa na degedege, kunyonyoka nywele, hata uziwi. Tiba ni biotini ya kumeza, miligramu 5 hadi 10 kila siku, maishani. Ikichelewa, usikivu uliopotea haurudi. Minnesota hugundua mapema kwa tone la damu ya kisigino. Garissa na Dadaab, waliko jamaa zao, wazazi wangojee degedege?