Kukua Kiroho: Kweli au Si Kweli?

Mtu akiokoka, watu humtazama. Jirani anapima ulimi wake, wenzake kazini wanapima subira yake, naye anajipima kuliko wote. Lakini vipimo vingi tunavyovitumia havina msingi katika Biblia wala katika maisha ya waumini waliotutangulia. Vimewavunja moyo wengine, na wengine vimewafanya wajione wamekwisha kufika. Tuyachunguze madai matano.

1. Ukiokoka leo, tabia zote za kale hufa leo hii.

SI KWELI. Mwingereza John Newton, mtunzi wa wimbo Amazing Grace, alihesabu kwamba alimgeukia Mungu Machi 1748, meli aliyosafiria ilipokaribia kuzama kwa dhoruba. Baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa, na alipoacha bahari mwaka 1754, kilichomtoa ni ugonjwa. Ni mwaka 1788 ndipo alipochapa kijitabu cha kuilaani biashara ya watumwa na kukiri aibu yake. Ni miaka 40. Historia hii haimpi mtu ruhusa ya kustarehe na dhambi, kwa maana wakati Newton akichelewa kuona, Waafrika walikuwa wakifungwa minyororo. Inatuonya kwamba mtu aliyeokoka anaweza kuishi na uovu mkubwa akiuona wa kawaida, kwa sababu jamii yake nzima inauona hivyo.

2. Mwenye imani iliyokomaa hapati mashaka.

SI KWELI. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni, na bado imewekwa katika kitabu cha sala. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, zilionyesha kwamba kwa miaka mingi sana alisali bila kuuhisi uwepo wa Mungu. Hata hivyo hakuacha kusali, wala hakuacha kuwahudumia waliokuwa wakifa. Ukame wa rohoni peke yake si ushahidi kwamba umerudi nyuma.

3. Aliyeanguka hawezi kutumika tena.

SI KWELI. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba katikati ya safari na kurudi Yerusalemu. Paulo alikataa katakata kumchukua tena, hata yeye na Barnaba wakatengana kwa ajili hiyo. Barnaba akaondoka na kijana huyo kwenda Kipro. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni aliagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa huduma. Mapokeo ya Kanisa yanamtaja Marko huyo kuwa mwandishi wa Injili. Kanisa lisilo na akina Barnaba hupoteza akina Marko wake.

4. Toba ya kweli hugusa mfuko na mahusiano.

KWELI. Zakayo aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, ulijulikana kwa jambo hilohilo. Waliookoka walirudisha vitu vya wizi, walilipa madeni, na waliungama makosa yao mbele ya wenzao. Wamisionari Wazungu na waumini Waafrika waliombana msamaha. Machozi ya ibadani yana thamani yanapomfikia yule uliyemkosea.

5. Mchungaji au askofu ameshafika.

SI KWELI. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin nchini Uganda. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, akakimbilia Rwanda pamoja na mkewe. Alikuwa ameokoka kwa zaidi ya miaka 30 na amehubiri katika nchi nyingi, lakini alieleza wazi kwamba uchungu ulimjaa moyoni na kwamba ilimpasa kumsamehe Amin. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake, I Love Idi Amin. Kiongozi anayekiri kwamba bado anafundishwa na Mungu huwasaidia waumini wake kuliko anayejionyesha mkamilifu.

Basi usijipime kwa sauti ya maombi yako, wala kwa miaka uliyokaa kanisani. Waulize unaoishi nao kama wamekuwa salama zaidi mikononi mwako kuliko mwaka jana, na uyapokee majibu yao bila kujitetea. Na kama lipo deni hujalilipa, au mtu hujamwomba radhi, anzia hapo, wiki hii.