Meseji Siyo Hela: Utapeli wa Malipo Shambani na Kwenye Kambi za Wageni

Vijana wenzangu wa shamba, leo kantangaze tumpumzishe kidogo. Kuna mdudu mwingine ambaye dawa yake haiuzwi duka la pembejeo lolote hapa Kilosa, na kibaya zaidi huyu hashambulii miche. Anasubiri umwagilie, upige dawa, uvune, upange matenga, halafu ndiyo anakuja na simu mkononi.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa jirani na Mikumi mjini alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Ni mkulima mzuri wa nyanya, wa umwagiliaji wa matone, siyo wa kubahatisha. Akaniambia, "Bwana shamba shikamoo. Meseji ipo lakini hela haionekani."

Ilikuwa hivi. Alipata tajiri kupitia kundi la WhatsApp la wanunuzi. Matenga 60 kwa shilingi 25,000, jumla milioni moja na laki tano. Tajiri akatuma laki moja ya utangulizi, na hiyo ilikuwa hela halisi, kijana akaitoa kwa wakala na kuwalipa vibarua. Hapo ndipo mtego ulipokaa vizuri, maana mtu aliyekwisha kukulipa mara moja humtilii shaka mara ya pili. Usiku ikaja fuso, dereva mpole tu, mzigo ukapakiwa kwa mwanga wa tochi. Tajiri akapiga simu: "Kaka, nimekutumia iliyobaki, angalia." Meseji ikaingia: umepokea 1,400,000. Mtandao pale shambani unakuja na kuondoka, dereva analalamika kwamba atachelewa soko, nyanya zenyewe hazingoji. Fuso ikaondoka. Asubuhi kwa wakala, salio ni 46,000, zile zile alizolala nazo.

Niliposhika simu yake nikaona mambo mawili ambayo nawe unaweza kuyaona. Kwanza, meseji ilitoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Meseji halali ya malipo huja kwa jina la huduma, na inakaa chini ya zile za zamani za huduma hiyo hiyo. Ikijitenga peke yake kama mgeni, shtuka. Pili, hesabu. Alikuwa na 46,000, meseji inasema ameongezewa 1,400,000 na salio jipya ni 1,400,000. Zile 46,000 zimekwenda wapi? Tapeli hajui ulicho nacho kwenye simu, kwa hiyo mara nyingi hapo ndipo anapokosea.

Lakini naomba msiwe mafundi wa kusoma meseji. Matapeli nao wanajifunza, kesho watatengeneza nzuri zaidi. Njia ya uhakika ni moja: ingia mwenyewe kwenye menyu, angalia salio. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas (ile Tigo Pesa ya zamani) ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60#, HaloPesa ni *150*88#. Kama salio halijapanda, hujalipwa, hata kama mnunuzi anakuonyesha skrinshoti yenye jina lako na muhuri. Picha ya muamala ni picha tu.

Najua mtasema, "Bwana shamba, kwetu mtandao hakuna." Basi mzigo usipakiwe mahali pasipo na mtandao. Kokota matenga mpaka barabarani, au kubalianeni kabisa kabla ya siku ya mavuno kwamba malipo yanakamilika wakati tenga la mwisho liko chini, siyo juu ya gari. Wengi wenu mnaona haya kumwambia mteja "subiri niangalie salio", mnahisi mtaonekana washamba. Mimi nimewaona matajiri wa kweli Dumila wakisimama pembeni wanapiga stori wakati muuzaji anahakiki, wala hakuna anayenuna. Anayekuharakisha sana kwenye hilo jambo moja ndiye wa kumwangalia mara mbili.

Ndugu yake meseji feki ni ule wa "nimekosea namba, naomba unirudishie." Kama hela haikuingia, hakuna cha kurudisha. Kama imeingia kweli, usiitume wewe kwa mkono wako, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake waurudishe muamala. Ukituma mwenyewe na yeye akaomba urudishwe, hela hiyo itakutoka mara mbili. Na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mnawajua, sitapoteza muda.

Sasa nije kwa wenzetu wa Mikumi mjini. Mko vijana mnaolima mboga, na pembeni mna eneo la mahema, mnauza asali, mnawatembeza wageni shambani. Hifadhi iko pale, na tangu 2024 treni ya SGR inapita Kilosa. Mgeni wa nje anataka kulipa kwa kadi, nanyi mmeanza kuchukua mashine za kadi benki. Safi sana. Ila kadi ina tabia yake, tofauti na simu, na hili naona wengi hawajaelezwa.

Mashine inaposema malipo yamekubaliwa, maana yake ni kwamba kadi hiyo haijafungiwa na ina fedha. Haijasema kwamba aliyekupa namba ndiye mwenye kadi. Mwenyewe huko Uingereza au Marekani akiona makato asiyoyajua, anailalamikia benki yake, na fedha zinavutwa kutoka kwenye akaunti yako. Kwa taratibu za Visa na Mastercard, kwa kawaida ana hadi siku 120 za kulalamika. Fikiria, unaweza kuwa umeshanunua mbegu, umeshalipa vibarua, msimu umekwisha, halafu ndiyo benki inakuandikia.

Kisa chenyewe huwa kinakuja kwa baruapepe. "Tuko watu 12, siku nne, tutalipa kwa kadi." Bei hawaulizi sana, punguzo hawataki. Halafu: "Naomba ukate dola 3,000, zako ni 2,000, zinazobaki mtumie wakala wetu wa usafiri, yeye hapokei kadi." Hapo simama. Wageni hao hawapo. Kadi ni ya wizi, wakala ndiye tapeli mwenyewe, na ile dola 1,000 uliyotuma kwa simu ni hela yako halisi. Malalamiko yakija, benki inavuta 3,000 yote. Umelima mwaka mzima kumlipa mtu usiyemjua.

Dalili nyingine ni mtu anayekupa kadi moja ikakataa, akatoa ya pili, ya tatu, kila moja kwa jina tofauti. Au anayesisitiza uandike namba za kadi kwa mkono kwenye mashine badala ya kuichomeka. Kadi ikichomekwa yenyewe na mgeni akabonyeza namba yake ya siri mbele yako, hatari inapungua sana, maana ni vigumu baadaye kudai hakuwepo. Namba zikisomwa kwa simu au zikiandikwa kwenye baruapepe, mzigo wa hasara mara nyingi ni wa kwako. Kama lazima mgeni alipe kabla hajafika, iombe benki yako njia ya malipo ya mtandaoni ambayo inamtumia mwenye kadi namba ya uthibitisho kwenye simu yake. Na ukirudisha pesa, irudi kwenye kadi ile ile iliyolipia, basi. Siyo kwa wakala, siyo kwa shemeji. Kadi ya mgeni isiende nyuma ya kaunta pia, mchanjie hapo hapo anapoona, ili hata wafanyakazi wako wasije wakasingiziwa.

Ukishatapeliwa, jiulize swali moja kabla hujaanza kupiga simu ovyo: kilichoondoka ni hela au ni mzigo?

Kama ni hela uliyotuma kwa simu, kila dakika ina thamani. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwape namba ya muamala. Kama fedha bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea, wanaweza kuzizuia. Akishazitoa kwa wakala, imebaki kazi ya polisi. Kama ni kadi, piga benki yako siku hiyo hiyo, usisubiri malalamiko yaje. Na yakija, jibu ndani ya muda waliokupa, ukiambatanisha risiti, mawasiliano na kitabu cha wageni. Ukikaa kimya unahesabiwa umekubali. Benki au mtandao ukikuzungusha, unaweza kupeleka lalamiko lako Benki Kuu, lakini lazima uwe umeanza kwao na una ushahidi wa maandishi.

Kama ni mzigo, kama wa yule kijana, 100 haitakurudishia kitu, kwa sababu hakuna muamala wowote uliofanyika. Cha kukimbiza ni gari. Ndiyo maana nawaambia kila siku: piga picha namba ya gari na leseni ya dereva kabla hajapakia. Magari ya mazao yanapita mizani na mageti ya ushuru, kwa hiyo ukiwahi polisi ukiwa na namba ya gari, linaweza kusimamishwa njiani. Yeye namba hakuwa nayo. Dereva alipatikana siku tatu baadaye kupitia vijana wa upakiaji. Alikodiwa kwa simu, alishusha sokoni Dar, hamjui aliyempokea. Nyanya zilikuwa zimeshaliwa.

Kwa hali zote mbili, meseji usiifute. Isambaze kama ilivyo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Utajibiwa uandike namba iliyoituma. Kisha nenda kituo cha polisi, Kilosa au Mikumi, uchukue RB. Beba simu yenyewe, kitambulisho cha NIDA, namba za miamala, na maelezo ya muda kwa muda. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na utapeli huu unaangukia humo, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni ugomvi wa kibiashara mkamalizane. Wengi hawaripoti kwa aibu. Lakini takwimu za TCRA za robo mwaka zimekuwa zikiutaja mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Rukwa, miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu, na namba ya tapeli isiyoripotiwa leo ndiyo itakayompigia mkulima wa Rudewa au Kimamba kesho.

Jambo la mwisho, na mlifanye kabla hamjaweka simu chini. Laini iliyotumika kumtapeli yule kijana ilikuwa na usajili wa alama za vidole, kama laini zetu zote tangu zoezi lile la 2020. Polisi walipofuatilia, jina lilikuwa la mtu ambaye hata hajui kwamba ana laini hiyo. Pengine aliweka kidole mara mbili kwa msajili wa mtaani. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukiona usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako ukaifute.