Kitanda Usichokilalia

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ziko sinema za kuchekesha ambazo hadithi yake yote ni methali hiyo. Watu wawili hugombana, kila mmoja akidai kwamba mzigo wake ndio mzito. Kisha, kwa uchawi fulani, huyu huamka katika mwili wa yule. Yafaa tutazame sinema hizo zasema nini juu ya kazi za kike na za kiume.

Moja ya zamani ni Turnabout, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1940. Mume na mke wabishana, na sanamu iliyomo chumbani mwao yawabadilisha. Mke aenda ofisini katika mwili wa mumewe, mume abaki nyumbani, na mambo yaharibika pande zote mbili. Kichekesho kikubwa ni kumwona mwanamume akisema na kutembea kike. Basi anayechekwa hasa ni mwanamke.

Katika Freaky Friday ya mwaka 1976 wanaobadilishana ni mama na binti. Binti, aliyedhani mama yake anastarehe, akutana na kufua, kupika na wageni wa baba wanaotaka chakula siku ile ile. Sinema hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2003, mama alikuwa mtaalamu wa saikolojia mwenye wagonjwa wake, na binti mpiga gitaa. Katika miaka 27 mama wa sinema alikuwa ametoka jikoni. Lakini familia zote mbili ni za Wazungu, na katika ile ya pili Wachina wenye mkahawa ndio waletao uchawi, kana kwamba hawana kazi nyingine.

Wajapani nao wanazo sinema zao. Katika Your Name, ya mwaka 2016, msichana wa kijijini na mvulana wa Tokyo hubadilishana miili. Siku moja msichana, akiwa katika mwili wa mvulana, ashona sketi iliyochanika ya mfanyakazi mwenziwe. Mikono ni ya mvulana, lakini sindano yaenda vizuri, kwa sababu ujuzi ni wa yule aliyejifunza.

Hilo ndilo jambo kubwa la sinema hizi: kazi haikai mwilini, hukaa katika mafunzo na desturi. Sisi wa Uluguru twaweza kulifahamu upesi. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hufuata upande huo. Kwa makabila mengine mengi ni upande wa baba. Maumbile ni yale yale, desturi mbalimbali. Hata hivyo mjomba ndiye msemaji wa ukoo, na Kingalu, mtawala wa jadi mwenye makao yake hapa Kinole, ni mwanamume. Ukoo wamfuata mama, na jungu pia lamfuata mama.

Tena, mwanamume apikaye hotelini Morogoro mjini haoni haya, maana alipwa mshahara. Kwake hakaribii mafiga. Je, mikono yake hubadilika akishuka kwenye gari?

Jambo hili si la kuchekesha tu. Msichana atokaye shule hushika ndoo, kisha kuni, kisha chungu, kisha vyombo. Afunguapo daftari, usiku umeingia na macho yamechoka. Kaka yake amekwisha kusoma. Mtihani utakaowajia ni mmoja, wala msahihishaji hatauliza ni nani aliyeteka maji.

Sisi hatuhitaji sanamu wala uchawi. Wakati wa likizo, kaka na dada wabadilishane kazi kwa juma moja: huyu ateke maji na kupika, yule afanye kazi za kaka yake, na kila mmoja aandike saa alizobakiwa nazo za kusoma. Wazazi na wazitazame hesabu hizo, kisha wagawe kazi upya kabla shule haijafunguliwa.